Sianidi Kivu Kusini: dhahabu iliyobaki mchangani ni ya nani?

Mchimbaji wa Kamituga au Misisi, hapa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, anapomaliza kuosha mchanga wake, kwa kawaida huondoka na sehemu ndogo tu ya dhahabu aliyoitoa ardhini. Zebaki, metali ya majimaji inayoshikamana na dhahabu, kwa namna inavyotumiwa kwenye machimbo mengi madogo, huokoa asilimia 30 hadi 40. Jiwe likiwa zuri na usagaji ukiwa wa makini, hufika 50. Iliyosalia hulala kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Hiyo ndiyo sababu matangi ya sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, yaliyozoeleka kwa wachimbaji wadogo wa Geita na Mwanza nchini Tanzania, yameonekana pia upande wetu, na ndiyo sababu Bukavu kuna kambi mbili. Moja inasema sumu hii ipigwe marufuku kabisa. Nyingine inasema sianidi ndiyo itakayotuondolea zebaki. Kila kambi ina hoja, ila zote mbili zinaruka mambo mawili: hatua ipi inatangulia ipi, na nani anauza marudio kwa bei gani.

Tupige hesabu. Tani moja ya mawe ina gramu 10. Zebaki inatoa gramu 3.5, zinabaki 6.5. Mwenye tangi akinunua mchanga huo na kuokoa asilimia 80 ya kilichomo, anapata gramu 5.2. Yaani ambaye hakushuka shimoni anaondoka na dhahabu zaidi ya aliyeshuka. Ana gharama zake, ni kweli: sianidi, chokaa, mkaa, mafuta ya pampu, vibarua. Lakini marudio huuzwa kwa gunia au kwa gari, kwa kukadiria kwa macho, na anayekadiria vizuri ni yule aliyekwisha kupima.

Kwa nini zebaki huacha dhahabu nyingi hivyo? Zebaki hushika kile inachokigusa. Chembe iliyofunikwa na kwaziti, lile jiwe gumu linalobeba dhahabu, haiguswi, na jiwe lililotwangwa hadi ukubwa wa nusu milimita bado limefunika chembe nyingi. Dhahabu yenye utando wa kutu au wa salfaidi (madini yenye salfa) huteleza. Halafu kuna kosa la kumwaga zebaki ndani ya mashine ya kusagia: mipira ya chuma huivunja ikawa vitone vidogo kama unga, visivyoungana tena, na maji huvibeba vikiwa na dhahabu iliyokwisha kushikwa. Anayeitia kwenye mashine pamoja na mawe yote anaweza kupoteza gramu 10 au zaidi za zebaki kwa kila gramu ya dhahabu. Anayeitia kwenye kile kidogo kizito chenye dhahabu kinachobaki baada ya kuosha hutumia gramu moja na kitu, na akiuchomea mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye chungu kilichofungwa chenye bomba la kupoozea, sehemu kubwa huirudisha.

Sianidi hufanya kazi kwa njia nyingine. Inayeyusha dhahabu, kwa hiyo chembe ndogo isiyoonekana kwa macho nayo hupatikana, ilimradi maji yaifikie na hewa iwepo. Bila oksijeni hakuna kinachoyeyuka. Tangi la kawaida la mchimbaji mdogo ni la saruji, hubeba tani 20 hadi 50, lina chujio chini. Mchanga huchanganywa kwanza na chokaa, kilo moja hadi tatu kwa tani, mpaka pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ifike 10.5. Ndipo maji yenye sianidi ya gramu 0.5 hadi 1 kwa lita huzungushwa kwa siku kadhaa, yakipita kwenye mapipa matatu au manne ya mkaa amilifu unaonasa dhahabu.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza, na mengi hayahusiani na ubaya wa sianidi yenyewe. Udongo wa mfinyanzi huziba tangi. Maji husimama juu na chini hakutoki kitu. Dawa yake ni kuchanganya na mchanga mkavu wa chembe kubwa, au kuufinyanga udongo huo kuwa vidonge kwa saruji kidogo kabla ya kupakia. Shaba kwenye mawe hula sianidi kabla haijafika kwenye dhahabu. Baadhi ya salfaidi za chuma hula sianidi na oksijeni pia, na mwenye tangi anaongeza dawa asijue inakwenda wapi. Mwamba mweusi wenye kaboni ni mwizi zaidi: dhahabu huyeyuka vizuri, kisha mwamba huo huo unainasa tena kabla mkaa haujaipata. Jaribio dogo lingeonyesha yote haya: kilo moja ya mchanga, lita moja na nusu ya maji yenye sianidi, chupa iliyo wazi kidogo inayozungushwa saa 24 hadi 48, kisha kupima dhahabu iliyoingia majini na sianidi iliyobaki. Wengi hulirukia tangi bila hilo.

Sasa hatari. Chini ya gramu moja ya sianidi ya sodiamu, ikimezwa, inaweza kuua mtu mzima, na hewa yake inaua vilevile. Hewa hiyo ni suala la pH: kwenye 10.5 karibu sianidi yote hukaa majini, kwenye 9.2 nusu yake iko tayari kutoka kama gesi, kwenye 7 karibu yote. Salfaidi zikioza hutoa asidi na kuishusha pH, kwa hiyo anayepima mara moja siku ya kwanza kisha akasahau hajapima. Wanaoitetea sianidi husema inavunjika kwa jua na hewa, tofauti na zebaki inayokaa kwenye tope miaka mingi na kuingia kwenye samaki. Ni kweli kwa sianidi huru, yaani isiyoungana na metali, kwenye bwawa la kina kifupi, wakati wa kiangazi. Ila kwenye milima yetu mvua hunyesha kwa miezi karibu tisa ya mwaka, mabwawa huchimbwa kwenye miteremko, na sianidi iliyoungana na shaba au chuma haivunjiki haraka hivyo. Bwawa lisilo na plastiki chini wala nafasi ya mvua juu litamwagikia kijito. Sianidi inaweza kuharibiwa kabla ya kumwaga, kwa peroksidi au kwa gesi ya salfa na hewa pamoja na shaba kidogo. Gharama si ya kutisha, lakini ni gharama isiyoleta gramu hata moja, na ndiyo ya kwanza kukatwa.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya kazi, nami naiona nzito kuliko ya sumu. Mashine za kusaga zimekwisha kupunguza nafasi ya akina mama watwangaji. Tangi nalo linahitaji mtaji, na waoshaji wanaorudiarudia mchanga ule ule kupata chochote cha jioni hubaki bila mchanga. Dhahabu inaongezeka kwa jumla, mikono inayoigawana inapungua. Anayesema sianidi ni maendeleo aseme pia kwa nani.

Hata hivyo kupiga marufuku hakutasaidia. Marudio yana thamani, na penye gramu 6 kwa tani kuna mtu atakayeleta pipa la sianidi usiku, bila chokaa na bila plastiki.

Kibaya kuliko vyote ni kile kinachofanyika zaidi: zebaki kwanza, sianidi baadaye, kwenye mchanga ule ule. Sianidi huyeyusha zebaki iliyobaki humo, ikaisafirisha majini kwa urahisi kuliko ilivyokuwa. Sehemu yake hukaa kwenye mkaa pamoja na dhahabu. Mkaa ukichomwa ili kupata majivu, zebaki hutoka kwa moshi ambao hakuna aliyeutarajia. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, umeuweka utaratibu huu kati ya mambo manne ya kukomeshwa kwa uchimbaji mdogo, pamoja na kuchanganya zebaki na mawe yote, kuchoma wazi, na kuchoma kwenye makazi ya watu.

Msimamo wangu basi ni huu: sianidi ikubaliwe pale tu ambapo zebaki haijapita. Saga laini zaidi, pitisha kwenye mfereji wa mazulia au meza ya kutikisika ili kushika dhahabu kubwa, yeyusha kilichopatikana kwa boraksi, chumvi inayosaidia dhahabu kuyeyuka motoni na kujitenga na uchafu, kisha marudio safi yaende tangini. Pingamizi lililopo ni la maana: boraksi inataka mchanga uliosafishwa sana na mkono wenye ustadi, na pe-de-je (PDG), yaani mwenye shimo, anataka dhahabu leo jioni awalipe watu wake. Zebaki inampa ndani ya saa moja mbili. Ndiyo maana mwenye tangi ndiye anayepaswa kumkopesha pesa za kuwalipa kwa siku chache, kwa kuwa faida ya mchanga usio na zebaki ni yake.

Kwa marundo ya zamani yenye zebaki tayari, njia safi haipo. Kuyapitisha tena kwenye mfereji kunapunguza zebaki, hakuiondoi yote, na mkaa wake hauchomwi kwenye moto wa wazi.

Iliyobaki ni bei. Ushirika unaouza marudio uchukue sampuli kabla ya gari kuja: kuchimba vishimo rundo zima hadi chini, si kukwangua juu ambako mvua imeosha, kuchanganya, kugawa sehemu nne, kutupa mbili za mkabala, kurudia hadi ibaki kilo mbili. Sampuli igawanywe mara tatu: moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, moja ifungwe mbele ya afisa wa SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, kwa ajili ya ugomvi. Maji ya mchanga yapimwe pia, maana tani ya mchanga wenye unyevu wa asilimia 20 ina kilo 800 tu za mchanga mkavu. Na malipo yaandikwe kwa gramu zilizopimwa, sehemu wakati wa kupakia, sehemu baada ya mkaa kutolewa.