Haijaibiwa Siti

Nasema kwa mara ya mwisho: hakuna aliyeniibia siti. Tangu mpwa wangu arudi Uingereza akaniachia hii baiskeli yake ya kurukaruka mawe, sijapita Ngamiani, hapa Tanga mjini, hata siku moja mtu asiniambie, "Pole mzee, wezi hawana huruma." Imezaliwa hivyo! Fremu yenyewe haina hata tundu la kuchomekea siti.

Mwanzo nilidhani mpwa ananitania. Akanionyesha video ya yule Mskoti, Danny MacAskill, ya mwaka 2009, anaiendesha baiskeli juu ya uzio wa vyuma vyenye ncha mjini Edinburgh. Nikamwambia, mjomba, sisi watu wa Tanga tumekulia juu ya baiskeli, ila uzio huwa tunauzunguka.

Kuipanda si tatizo. Tatizo matunzo, maana yote uliyofundishwa na baba yako kuhusu baiskeli, hii inataka kinyume. Upepo, kwa mfano. Baiskeli ya watu unaijaza mpaka tairi lilie ukilipiga kofi. Hii inataka tairi legelege, ukilibonyeza dole lizame, eti ndipo litakapoung'ang'ania mwamba. Watoto wa mtaani wananikimbilia na pampu: "Babu, pancha!" Nimechoka kueleza.

Njoo kwenye rimu. Rimu mimi najua inang'arishwa. Mpwa akanitumia sauti kwenye WhatsApp: mjomba, ipeleke ikapigwe grenda, ichubuliwe pale raba za breki zinaposhika. Fundi wa kuchomelea aliniuliza mara tatu kama nina akili timamu, halafu akaitia mistari ya mshazari pande zote mbili. Kusema haki, inashika. Ukigusa breki kwa kidole kimoja gurudumu linafia hapohapo. Lakini ule ukelele! Alfajiri naenda msikitini, jirani anafungua dirisha kuuliza nani anachinja mbuzi bila kumwambia.

Fundi wangu wa baiskeli akanionea huruma. Bila kuniuliza, akaipaka rimu oili. Kimya kikapatikana, breki ikaondoka. Na gia ya kitu hiki, sahani ya mbele meno 18, ya nyuma 12, ukikanyaga mzunguko mzima umesogea mita mbili na ushee. Yaani kinyonga ananipita, na bado nikaligonga toroli la machungwa. Nilimwona mwenye toroli kwa mbali, akaniona, tukasalimiana kabisa, nikaendelea kumjia taratibu huku nimeminya breki mpaka vidole vinauma. Machungwa ya Muheza yakatapakaa barabara nzima. Nimeyalipia, nikanunua na spiriti ya kufutia oili, kisha nikarudi tena kwa yule wa grenda. Hakuniuliza kitu safari hii.

Breki yenyewe haina waya, ina mpira mwembamba wenye mafuta ndani. Ikiingia hewa, lazima uitoe upepo kwa bomba la sindano. Mpwa anasema wapo wanaotia maji matupu, ila kwao baridi ikikaza yanaganda, wanalazimika kuchanganya na dawa ya rejeta. Hapa Tanga cha kuganda ni nini? Nikakaa uani na bomba langu, nasukuma maji polepole, nahesabu mapovu. Mjukuu akatoka mbio hadi jikoni: "Bibi! Babu anaipiga baiskeli sindano!" Chai ya jioni hiyo nilijimiminia mwenyewe.

Na friwili, ile inayokuacha useleleke bila kukanyaga. Ya kwetu iko nyuma, ya hii iko mbele, kwenye krenki, penye pedali. Maana yake ukiacha kukanyaga, cheni haipumziki, inakimbia tu maadamu gurudumu linazunguka. Mimi sikuelezwa. Nimeelezwa na kanzu yangu ya Ijumaa, ambayo sasa ina pindo upande mmoja.

Juzi nikamwachia fundi akaze cheni tu. Nusu saa. Narudi, namkuta anafuta mikono, anatabasamu. Fremu ni aluminiamu, mashine yake ya kuchomelea haikuiweza, kwa hiyo kakata bomba, kalibana kwa bati, nati na vipande vya tyubu, juu kaweka siti pana yenye springi mbili. Nyuma, keria.

"Mzee, sasa hii ndiyo baiskeli. Kaa."

Nikakaa. Magoti yakanigonga kidevuni.

Mpwa anakuja Desemba.