Gesi ipo Msimbati, salfa inapulizwa kwa petroli

Kuanzia Juni, ukipita Tandahimba au Newala, mkoani Mtwara, alfajiri, utasikia mashine zikinguruma mashambani. Mtu kajifunga kitambaa usoni, mashine iko mgongoni, anapuliza salfa juu ya mikorosho kabla ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, haujashika maua. Mashine ile inakula petroli iliyochanganywa na oili. Kidumu kikikauka, mikorosho iliyobaki inasubiri. Ndiyo maana Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikitangaza bei kikomo za mafuta na bandari ya Mtwara ikawa na bei yake, huku Kusini watu wanasikiliza kama wanavyosikiliza bei za mnada wa korosho.

Je, mafuta yanaisha? Mwaka 1956 mjiolojia M. King Hubbert alitabiri kwamba uzalishaji wa Marekani ungefika kileleni karibu na 1970, na ikawa hivyo. Wanaombishia nao wana hoja nzito: kufikia 2018 Marekani ilikuwa imeivuka rekodi ile, kwa kupasua miamba ambayo zamani hakuna aliyeihangaikia. Mimi naona wote wameona kitu. Mafuta yapo, ila yale mepesi kuchota yanapungua, na magumu hayachimbwi mpaka bei iwe kubwa. Bei ikianguka, uchimbaji unapungua. Baada ya muda mafuta yanaadimika, bei inaruka tena. Julai 2008 pipa lilipita dola 140. Aprili 2020, wakati wa UVIKO, bei ya mafuta ya Marekani ilishuka chini ya sifuri. Miaka miwili baadaye ikaja vita ya Ukraine, na kuanzia Juni 2022 serikali yetu ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mkulima wa Newala hawezi kungoja bei ishuke, maana ubwiriunga haumngoji.

Wengi hapa hujibu: tuna gesi, tunahangaikia nini? Ya Songosongo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay, huko Msimbati, 1982, na tangu 2015 gesi inasafiri kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliingia barabarani kulipinga bomba hilo, na wapo waliopoteza maisha. Siwezi kuzungumzia nishati ya Kusini nikaruka hapo. Hata hivyo wanaoitetea gesi wana haki yao: Mtwara ilikuwa ikiwasha taa kwa majenereta ya dizeli, na gesi ndiyo iliyotutoa huko. Baadhi ya nyumba za mjini sasa zinapikia gesi ya bomba, japo magunia ya mkaa bado yamepangwa kandokando ya barabara zetu.

Ninapositasita ni Likong'o, Lindi, kwenye mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika kwa ajili ya kuuza nje, uliokadiriwa kufikia dola bilioni 42. Mazungumzo yamevutana zaidi ya miaka 10. Fedha na ajira zake zingehitajika sana, sikatai. Lakini mikataba mingi ya gesi ya kimiminika barani Asia hufungwa kwa kufuata bei ya mafuta ghafi, kwa hiyo tutakuwa tumeuza gesi na kununua mtikisiko uleule. Na kadiri tunavyochelewa, wanunuzi wanazidi kujenga jua na upepo.

Jua nalo lina mipaka yake. Sola inawasha taa na kuvuta maji kisimani vizuri, na gharama yake kubwa hulipwa mara moja tu, mwanzoni. Shida ni kwamba huo mwanzo ndio unaomshinda mkulima, na bomba la kupulizia dawa linalotumia betri, linalofaa kwa mboga, halina nguvu ya kufika kilele cha mkorosho mzee. Ningependa mapato ya gesi yaingie hapo: mikopo nafuu ya sola kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, ikatwe wakati wa mauzo ya korosho.

Kuna jambo lingine ambalo silisikii likizungumzwa. Sehemu kubwa ya salfa duniani hutolewa mafuta na gesi vinaposafishwa. Dunia ikiyaacha mafuta, hata ile poda ya njano itaadimika. Kwa hiyo kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa Mtwara, kinapotafuta mbegu za mikorosho zinazostahimili ubwiriunga, kinafanya kazi ya nishati pia, na bajeti yake ingepaswa kujadiliwa meza moja na ya Likong'o.