Timu isiyo na wa kupenya hadi kikaponi

Tarehe 28 Mei 2018, katika mchezo wa saba wa fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, Houston Rockets walikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo. Uongozi wa pointi 11 waliokwenda nao mapumziko ukayeyuka, wakafungwa na Golden State Warriors 101-92. James Harden wa Rockets alijua kupenya, yaani kumpita mlinzi wake na kwenda na mpira hadi kikaponi, lakini Chris Paul, aliyegawana naye kazi hiyo, alikuwa nje akiuguza msuli wa nyuma ya paja. Kila timu yenye wapigaji wazuri wa mbali ila haina wa kuvamia kikapu hunikumbusha usiku ule.

Hesabu yenyewe haina utata. Anayepata asilimia 36 ya mitupo ya mbali, yenye pointi tatu kila mmoja, huvuna pointi 1.08 kwa kila jaribio. Anayepata asilimia 60 chini ya kikapu, kwa pointi mbili, huvuna 1.2. Akichezewa faulo na kupewa mitupo huru miwili, ya pointi moja moja bila kuzuiwa, asilimia 75 humpa 1.5. Isitoshe, tangu faulo ya tano ya timu katika robo, hata faulo ya ulinzi iliyofanyika mbali na kikapu huleta mitupo huru. Mlinzi mrefu wa wapinzani akipata faulo mbili mapema, kocha humketisha, na njia ya ndani inafunguka kwa wote.

Hata hivyo, kusajili mtu wa kupenya si dawa ya moja kwa moja. Asipojua kupiga kwa mbali, mlinzi wake humwacha na kurudi kujaza eneo la kikapu, kisha wapigaji wenzake wanakosa nafasi. Na akichezewa faulo, bado ni lazima afunge: Giannis Antetokounmpo aliwapa Milwaukee Bucks ubingwa Julai 2021 kwa pointi 50, huku akifunga mitupo huru 17 kati ya 19, tofauti kabisa na kawaida yake ya kukosa mingi. Warriors wenyewe walipata vikapu vingi vya karibu kwa pasi na kukimbia bila mpira, si kwa mtu mmoja kudunda mpira kuelekea ndani.

Hoja kwamba timu inaweza kushinda bila kumtegemea mtu wa kupenya ina uzito, na Boston Celtics waliithibitisha kwa ubingwa wa 2024 wakitegemea sana pointi tatu. Lakini Mei 2025 walijaribu 60 dhidi ya New York Knicks, wakakosa 45, wakapoteza uongozi wa pointi 20 na kufungwa 108-105 katika muda wa nyongeza. Celtics wale walikuwa na watu wa kupenya. Siku hiyo walikwenda ndani mara chache mno. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai nyota mpya kila timu inapokwama: kwanza nahesabu ni mara ngapi mpira unaingia ndani kabla ya mtupo. Ukiwa hauingii ilhali wachezaji wanaoweza wapo, kosa ni la mpango.

Ila kama hakuna hata mmoja anayempita mlinzi wake kwa hatua ya kwanza, pasi nzuri hazitoshi, hasa dakika tano za mwisho ulinzi unapobana. Timu hiyo ningeitafutia mtu mmoja tu wa kupenya, hata wa kutokea benchi, mradi mitupo huru isimtishe.