Kikomo cha gia kwa vijana: tulibishana kuhusu gia isiyo na kosa

Tangu Januari 2023, kijana wa miaka 17 au 18 anayeshindana barabarani chini ya kanuni za Chama cha Kimataifa cha Baiskeli (UCI) anaruhusiwa kufunga gia yoyote. Kabla ya hapo alikuwa na kikomo: mzunguko mmoja kamili wa pedeli usimpeleke zaidi ya mita 7.93. Waamuzi waliipima baiskeli kwa kuirudisha kinyumenyume kati ya mistari miwili. Ikifika mstari wa pili na pedeli haijamaliza mzunguko wake, gia ni kubwa mno, na mwenyewe anafutwa kwenye matokeo. Kwa hesabu ya meno yanayoshika mnyororo, kikomo hicho ni kama meno 52 kwenye pedeli mbele na 14 kwenye gurudumu la nyuma. Wakubwa wanaotumia 54 kwa 11 wanapita mita 10 kwa mzunguko huohuo.

Waliotaka kikomo kiondolewe wana hoja nzito, na ya kwanza ni usalama. Ukiwa na mita 7.93, kwenda kilomita 57 kwa saa kunakutaka unyonge mizunguko 120 kwa dakika. Kwa 54 na 11 mwendo huohuo unaupata kwa mizunguko kama 90. Kwenye mteremko mkali tofauti hiyo ni kubwa sana: kijana aliyeishiwa gia ama miguu inazunguka hovyo na makalio yanarukaruka kwenye siti, ama anaacha kunyonga na kujikunja juu ya fremu ili upepo umpite. Mtindo wa kukalia bomba la fremu UCI yenyewe iliupiga marufuku mwaka 2021 kwa sababu ya hatari yake. Hoja ya pili ni mfuko wa mzazi. Baiskeli za leo zinauzwa na friwili (meno ya gurudumu la nyuma) inayoanzia meno 11 au chini ya hapo, kwa hiyo familia ililazimika kutafuta nyingine inayoanzia 14, kisha kuitupa kijana akifikisha miaka 19.

Upande wa pili wapo makocha wa zamani, na sitaki wapuuzwe. Wanasema kikomo kilimfundisha kijana miguu myepesi, kunyonga haraka bila kuyumba, wakati bado anafundishika. Wanasema pia kwamba wavulana wawili wa miaka 16 wanaweza kuwa mmoja ana mwili wa mtu mzima na mwenzake bado mtoto. Ukiachia gia, anayeshinda ni aliyekomaa mapema, na mwenye akili ya mbio anakata tamaa akiwa njiani. Hoja hiyo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote walizonazo. Baada yake wanataja magoti.

Suala la magoti linataka uangalifu. Nguvu ya mwendesha baiskeli ni msukumo wa mguu mara kasi ya mzunguko. Ukinyonga 60 kwa dakika badala ya 90 kwa mwendo uleule, kila msukumo unabeba mzigo mara moja na nusu. Kwa mtoto anayekua, kano iliyo chini ya kifuniko cha goti imeshika kwenye mfupa ambao haujakomaa, na maumivu ya mahali hapo makocha wa watoto wanayafahamu. Hata hivyo vipimo vya maabara vimeonyesha mara nyingi kwamba kwa juhudi ya wastani, kunyonga taratibu kunatumia oksijeni kidogo kuliko kunyonga haraka. Kwa hiyo hakuna kasi moja ya kunyonga ya kumlazimishia kila mtu. Chris Froome, bingwa wa baiskeli mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah huko Kikuyu, aliwaacha wenzake kwenye mlima Mont Ventoux, Ufaransa, mwaka 2013 akiwa amekaa kwenye siti, miguu ikizunguka kwa kasi ya ajabu. Mjerumani Jan Ullrich naye alishinda Tour de France ya 1997 kwa kusukuma gia nzito.

Msimamo wangu ni kwamba UCI ilifanya sawa kwa wa miaka 17 na 18, ila kwa walio chini ya miaka 15 vyama vya kitaifa vibakize kikomo, kwa sababu ya ile hoja ya miili isiyolingana. Lakini wanaotetea kikomo kwa ajili ya magoti wanatazama mahali pasipo na tatizo. Kikomo kinahusu gia kubwa kabisa, ile ya tambarare na mteremko, ilhali goti huumia mlimani. Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya barabarani kwa mara ya kwanza barani Afrika, vijana walipanda Kimihurura, kilomita 1.3 za mawe yenye mwinuko wa wastani wa asilimia 6.3. Pale hakuna anayeikumbuka 54 kwa 11. Kila mmoja anatafuta gia ndogo, na kanuni ile haikuwahi kumpa.

Sasa mfikirie mtoto wa Lushoto au Kericho kwenye baiskeli ya babake yenye gia moja, dumu la maji nyuma, mguu umepenyezwa katikati ya fremu kwa sababu siti haifikiki. Akirefuka kidogo anaipanda siti iliyoshushwa hadi chini, goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko, na tabia hiyo anaenda nayo hadi utu uzima. Hakuna mwamuzi atakayempima huyu, na wachezaji wetu wengi wa kesho wanatoka hapo.

Cha kwanza kwake ni siti: kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka, ili akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti libaki limekunjika kidogo tu. Asipofikia hapo, baiskeli ni kubwa kwake. Cha pili, fundi abadilishe friwili. Ukitoka meno 18 kwenda 22, na mnyororo ukaongezwa pingili, msukumo unaohitajika mlimani unapungua karibu moja ya tano. Kwenye tambarare wenzake watamwacha na atalalamika, na mzazi au kocha itabidi avumilie malalamiko hayo kwa miaka michache.