Mama Mkwe, Mali Nini na Barafu Yangu

Barafu naijua mimi. Asiniambie kitu mtu aliyeionea kwenye glasi ya soda. Kila alfajiri natoka Mwanga, nashuka mwaloni Kibirizi, nanunua migebuka, nanunua na barafu ya kuilaza, napakia kwenye bodaboda, na kuanzia hapo ni mashindano kati yangu na jua la Kigoma. Jua likishinda, nafika sokoni na ndoo ya maji ya kunawia na samaki wanaonitazama kwa macho mekundu kama wananidai.

Sasa mtu mzima na akili zake ananieleza kwamba huko ng'ambo wanagandisha barafu ukumbi mzima, mita 60 kwa 30, halafu hawaweki samaki hata mmoja. Wanavaa viatu vya visu, wanacheza juu yake, ati ni mchezo wa kuteleza kwenye barafu. Ikichubuka, linapita dude kama trekta linaikwangua na kumwaga maji ya moto ili igande vizuri. Maji ya moto! Mimi hapa natembea na gunia la pumba nafunika barafu isipate hata pumzi ya mtu, wenzangu wanaiogesha maji ya moto na inazidi kunona. Sioni mchezo hapo. Naona hasara na dharau.

Ila nyumbani kwangu sina pa kuyasemea, maana shabiki mkuu ni mama mkwe.

Alikuja kutoka Kasulu mwaka 2022, mguu unamsumbua, akasema anakaa wiki mbili. Wiki mbili za mama mkwe ni sawa na "kesho asubuhi" ya fundi nguo. Jioni binti yangu wa pili anamkanda bibi yake mguu, simu wameiegemeza kwenye chupa ya mawese, wanaangalia video hizi na zile. Siku hiyo akatokea kijana mwembamba, nywele za dhahabu, akaruka, akazunguka hewani kama pia, akatua na mguu mmoja. Bibi akausahau mguu wake.

"Nani huyo?"

"Ilia Malinin, bibi. Mmarekani."

Mimi niko mlangoni nahesabu hela, nikadakia: "Mali nini?"

"Malinin, baba."

"Ndiyo nauliza, mali nini?"

Mama mkwe akasafisha koo, kale kasauti ka ukweni kanakokufanya ukumbuke mahari hujamaliza. "Mwambie baba yako anaitwa Eliya. Hata yule wa kwenye Biblia alipaa."

Basi, Eliya. Na kilichommaliza kabisa mama mkwe hata si kuruka. Ni jina. Binti alimsomea kwamba wazazi wote wawili wa kijana walikuwa watelezaji, waliiwakilisha Uzbekistan kwenye Olimpiki, baba ni Roman Skorniakov, mama ni Tatiana Malinina, na mtoto anatumia jina la upande wa mama. Mama mkwe akaweka tonge chini. "Kumbe wapo wanaume wanaojua walikooa," akasema, huku anautazama ugali. Mimi nikautazama mchicha. Watoto wangu wote wanne wana jina la babu yangu, na babu yangu mwenyewe hakuwahi kuruka hata mtaro.

Nikafundishwa kalenda. Msimu wao unaanza Julai, lakini mashindano ya kupasha misuli ndiyo Septemba, kabla ya yale makubwa ya Oktoba kuendelea, hadi dunia ikutane Machi. Na hiyo Septemba ndugu zangu ina sheria yake: bingwa akianguka, hakuanguka. Ni mwanzo wa msimu. Akipepesuka, viatu vipya. Akipitwa na muziki, programu bado mbichi. Nimeishi miaka mingi katika dunia hii, sijawahi kuona kiumbe anayesamehewa namna hiyo isipokuwa mbuzi wa mwenyekiti.

Septemba hiyo ya 2022 Eliya alikwenda Lake Placid, kule Marekani. Raundi ya kwanza, wanayoiita programu fupi, akaboronga, akawa wa sita. Nilifurahi, sifichi. Nikasogea kwa adabu zote, nikasema, "Pole mama. Nasikia mwenetu ameteleza."

"Mchezo wenyewe si kuteleza?"

Nikarudi nyuma.

"Ni mwanzo wa msimu, baba," akaongeza kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. Jioni ile ile nilikuwa nimeleta dagaa kidogo kwa sababu mbalamwezi ilikuwa ndiyo kwanza imepungua, na kila mtoto wa Kigoma anajua mwezi ukiwaka dagaa haji kwenye taa. Nikaambiwa nini? Nikaambiwa wanaume wengine wanajipanga.

Usiku wa programu ndefu, raundi ya pili, hawakulala. Wala si kwamba walikuwa wanaona mchezo. Walikuwa wanaangalia namba! Binti kafungua ukurasa wa matokeo, kwa bando langu la wiki, bibi kajifunga khanga kiunoni, wanasubiri tarakimu zibadilike. Watu wazima wawili wanaitolea macho simu kama wanasubiri ichemke. Nikalala.

Nikashtushwa na vigelegele. Si kimoja, vigelegele vya harusi, usiku wa manane, nikatoka na panga na bukta. Nikakuta bibi na mjukuu wamekumbatiana, mguu mbovu unacheza kuliko mzima. Nikaelezwa hapo hapo nikiwa na panga mkononi. Kuna mruko unaitwa akseli. Mingine yote unaondoka ukiwa umetazama nyuma, huu peke yake unaondoka ukitazama mbele, kwa hiyo una nusu mzunguko ya ziada. Sasa kijana karuka wa mizunguko minne na nusu. Hakuna aliyewahi kuutua kwenye mashindano. Mjapani Yuzuru Hanyu, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, aliujaribu Beijing Februari mwaka huo huo akaanguka, na Julai akaaga mashindano. Huyu ana miaka 17, ametua, na kutoka nafasi ya sita amekuwa wa kwanza.

Nikiri, nusu ile ilinisumbua kichwani mpaka jogoo la kwanza. Minne na nusu. Mimi nikigeuka mara moja haraka naona nyota.

Asubuhi jirani akagonga na kilo ya sukari, kampongeza mke wangu kwa kujifungua salama. Mke wangu ana miaka 47. Sukari tuliipokea.

Toka hapo nyumba yangu ina majaji. Kule wanakaa tisa, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, kila kipengele wanakipa kuanzia kutoa tano hadi kujumlisha tano. Kwangu wanakaa watatu na hawatupi kitu. Chai imekolea majani, jumlisha mbili. Baba kaingia bila kuvua ndala, toa tatu. Siku moja nilipiga hodi, nikasalimia shikamoo mama, nikainama vizuri tu, nikasikia nyuma yangu: "Mapema mno, hajamaliza mzunguko."

Naye Eliya anazidi. Mwaka 2024 akawa bingwa wa dunia Montreal, pointi 333.76. Mwaka huo huo wakubwa wao wakaruhusu sarakasi ya kubinuka nyuma, iliyokuwa imepigwa marufuku miaka na miaka. Mama mkwe akasema dunia sasa imepata akili.

Mwaka huo kwetu ziwa lilifungwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 hakuna kuvua Tanganyika, samaki wapumzike wazaliane. Samaki walipumzika, mimi sikupumzika. Nilibeba tofali, nikauza ndizi, nikauza na kandambili. Lilipofunguliwa nikarudi mwaloni kwa mbwembwe, huku nyumbani Eliya naye ndiyo kaanza msimu na mashindano ya Bergamo, Italia, kashinda.

Siku yenyewe nina beseni la migebuka kichwani na bonge la barafu juu yake, maji yananitiririka mgongoni. Pale kwenye mteremko, palipomwagika magamba, mguu wa kushoto ukaelekea Kongo, wa kulia ukabaki Tanzania. Beseni likapaa. Nikageuka hewani, sijui kwa nini, nikatua kwa makalio, barafu ikaniangukia mapajani, na mgebuka mmoja ukaingia ndani ya shati. Watu walishangilia. Kijana wa bodaboda alikuwa anarekodi. Sijui vijana hawa hurekodi saa ngapi na kufanya kazi saa ngapi.

Nafika nyumbani nachechemea, nakuta jopo limeketi. Video imefika kabla yangu. Wameipunguza mwendo.

"Rudisha," mama mkwe anasema. "Hapo. Kaondoka anatazama wapi?"

"Mbele, bibi."

"Basi ni akseli."

"Lakini kazunguka nusu tu. Akseli ndogo kabisa ni moja na nusu. Hii hata kwenye orodha haimo."

"Na kaanguka," mke wangu naye, wa kwangu mwenyewe. "Hapo anakatwa pointi moja."

"Mnakata kutoka wapi?" nikauliza. "Si mmenipa sifuri?"

Hawakunijibu. Wakairudisha tena, wakatafuta mikono niliiwekaje. Nikaketi kwa upande mmoja wa kalio, ule uliobaki, nikajikaza.

"Mama," nikasema, "ziwa limefunguliwa juzijuzi tu. Miezi mitatu sijabeba beseni. Kwa heshima zote, mama, huu ni mwanzo wa msimu."

Kimya. Mke akamtazama mama yake. Mama mkwe akavua miwani, akaifuta na ncha ya khanga.

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na saba, bibi. Septemba."

Akawaza kidogo.

"Haya," akasema. "Mpakulieni."