Mnaoililia Kop ya Zamani

Kinachonikera kwa mashabiki wanaoililia Kop ya zamani, jukwaa la mashabiki wa Liverpool pale uwanja wa Anfield, iliyofungwa kama jukwaa la kusimama mwaka 1994, ni kwamba husimulia nyimbo na skafu zilizoinuliwa, kisha wakalalamika kuwa viti vimeondoa utamu wa mpira, kana kwamba viti hivyo vililetwa bila sababu. Vililetwa kwa sababu ya mkasa wa uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa katika vizimba vya jukwaa la kusimama, mbele yao uzio wa chuma, huku wengine wakivutwa kwa mikono na wenzao waliokuwa jukwaa la juu, na watu 97 wakapoteza maisha kutokana na mkasa ule. Ndipo ripoti ya mwaka 1990 ya Jaji Taylor, aliyeuchunguza mkasa huo, ikapendekeza kila mtazamaji awe na kiti. Ninakubali kwamba kelele zimepungua na tiketi zimepanda bei mno, ingawa hilo la bei Taylor hakuliagiza. Lakini tangu mwaka 2022 Uingereza imeruhusu tena kusimama katika viwanja vilivyopewa leseni, kila safu ikiwa na reli yake, kwa hiyo anayetaka kusimama na adai nafasi hizo ziongezwe.