Kesi ya shamba na kijiji, Mwanasheria Mkuu wa nini?

Baba mdogo kafutiwa kesi yake ya shamba. Hajashindwa jamani, hakuna shahidi hata mmoja aliyesikilizwa. Wakili wa upande wa pili kasimama na pingamizi la awali, kwamba serikali haikupewa notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, tena Mwanasheria Mkuu wa Serikali hajaunganishwa kama mmoja wa wanaoshtakiwa, basi imeisha. Na aliowashtaki ni serikali ya kijiji, watu anaoswali nao!

Haya yametufika toka marekebisho ya 2020 ya sheria ya mashauri dhidi ya serikali. Zamani unatoa notisi ya siku 30 unaenda Baraza la Ardhi la wilaya. Sasa halmashauri, kijiji, wote wanahesabiwa serikali, kesi inaanzia Mahakama Kuu, na kifungu cha 6(4) kinasema usipomuunganisha Mwanasheria Mkuu mwenendo wote batili.

Hapo ndipo ninapokasirika. Mgogoro wa shamba la kijijini ushahidi wake wote uko kijijini: muhtasari wa mkutano mkuu uliogawa eneo, wazee waliokuwepo wakati mipaka inawekwa, majirani wa pande zote nne, mwenyekiti aliyepiga muhuri. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu huko Dodoma inajua nini kuhusu hilo zaidi ya kumpigia simu mtendaji wa kijiji aielezee, tena yule yule anayelalamikiwa? Na hizo siku 90 zinapohesabiwa viwanja vinapimwa, watu wanauziwa, misingi inachimbwa, mpaka kesi ifunguliwe shamba limeshakuwa mtaa wa watu.

Wanasheria mtaniambia kuna amri ya Mareva, ya muda, ya kuzuia eneo lisiguswe wakati notisi inasubiriwa. Ipo, ila inaombwa Mahakama Kuu, mkulima wa Handeni apande gari mpaka Tanga mjini, atafute na wakili wa kumlipa, kwa heka mbili za mihogo.

Haya, serikali inahitaji muda ichunguze madai, maana ikishindwa zinalipwa hela zetu wote, hilo nalikubali. Ila Katiba ibara ya 107A inataka haki itendeke bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, sasa kama jina limekosekana kwenye hati si jaji aamuru liongezwe tuendelee?

Wabunge wetu, vitoeni vijiji na mitaa kwenye hicho kifungu cha 6, warudi baraza la wilaya na notisi ya siku 30. Mkishindwa hilo futeni hata 6(4) peke yake.